Chupa Ndani ya Kikoi

Idarous alikuwa na pua. Utasema kila mtu anayo, lakini ya Idarous ilikuwa pua ya kazi, pua ya urithi, iliyotoka Wete. Baba yake alikuwa mkaguzi kwenye ghala la karafuu. Mkulima akimwaga gunia, mzee hutia mkono, hunusa mara moja, akasema, "Hii imelala na unyevu siku tatu. Rudi nayo." Na mkulima hurudi nayo bila ya kugomba, maana mwenyewe anajua fika kuwa imelala na unyevu siku tatu. Idarous alikulia ubavuni mwa magunia hayo. Mtu akija mlangoni, kabla hajapiga hodi, yeye ameshajua kama anatoka sokoni au msibani.

Pua hiyo ndiyo iliyomlisha Birmingham miaka kumi na tisa, na pua hiyo hiyo ndiyo iliyomtia katika uongo. Siku hizi ukimkuta amekaa peke yake nyumbani kwake Sparkhill, huwa anaishika bila ya kujijua.

Uongo wenyewe ulianza mdogo, kama unavyoanza wa watu wote. Alikuwa ndio kwanza amefika nchini na mkewe Asmahan na binti yao Maisara, wakati huo wa miaka sita. Wakala wa kazi akampeleka kwenye ghala moja kule Ladywood, karibu na mfereji. Wiki mbili tu, akaambiwa. Kuingia ndani, akaona masanduku yamepangwa mpaka darini, na kila sanduku lina chupa kumi na mbili, na kila chupa ni mvinyo. Astaghfirullah! Alitaka kugeuka pale pale. Lakini akajisemea, wiki mbili si milele, mtu hafi. Jioni Asmahan akamwuliza, "Ehe, Baba Maisara, kazi gani?"

Idarous akaangalia viatu vyake. "Ghala la siki," akasema.

Na kweli, mle ndani, pembeni kabisa, palikuwa na rafu moja ya siki. Basi uongo ukaegemea rafu hiyo moja.

"Alhamdulillahi," akasema Asmahan. "Mtume kasema kitoweo bora ni siki." Akampakulia wali.

Sasa, Asmahan hakuwa mwanamke wa kuogopwa, mtu asidhani. Alikuwa mcheshi, akicheka anashika ubavu. Lakini alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na sebule yake ilikuwa chuo vilevile: Jumamosi watoto wa mtaa, Alhamisi wanawake, anawasomesha tahara na sala. Kwenye halali na haramu hakupepesa jicho. Idarous hakumwogopa, alimwonea haya, na haya ya mtu kwa mkewe ni mzigo mzito kuliko woga. Woga ungekwisha siku moja wakigombana. Haya kila siku ilizidi.

Alhamisi moja aliporudi kazini mapema, alimsikia akisomesha. Akasimama kwenye ngazi. "Katika ulevi," Asmahan alikuwa akisema, "aliyelaaniwa si mnywaji peke yake. Na anayeubeba, na anayebebewa." Idarous akashika ukuta. Mikono yake ilikuwa imebeba masanduku sitini siku hiyo. Mwanamke mmoja akauliza, "Na siki je, Mwalimu? Si mvinyo uliogeuka?" Asmahan akamjibu, "Ukigeuka wenyewe, bila ya kutiwa kitu, umetoharika. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeugeuza. Kilichoharamishwa ni ulevi, na ulevi haupo tena." Idarous akapanda juu kwa ncha za vidole, akakaa kitandani na koti lake.

Utauliza, kwa nini hakuiacha kazi? Wiki mbili zilikwisha, zikaja nyingine. Halafu kukaja mambo ya Ronald.

Ronald alikuwa mnunuzi wa kampuni, Mwingereza mrefu, mwenye kupenda maneno. Kila Jumanne alifungua chupa za kujaribu, akazionja na kuzitema, kisha ndio mzigo unatoka kwa wateja. Jumanne moja alikuwa na mafua makali. Idarous anapita na fagio, akasema bila ya kufikiri, "Hiyo ya tatu imeharibika. Kizibo chake kibovu." Ronald akacheka. Alipomwita mtu mwingine aionje, ikawa kweli. Kuna ugonjwa wa vizibo, bwana, mvinyo mzima unanuka kama boksi lililolowa, na wengi hawausikii mpaka ufike ulimini. Idarous aliusikia akiwa mlangoni.

Tangu siku hiyo fagio likapewa mwingine. Kila Jumanne Idarous alisimama kwenye meza ndefu, glasi zimepangwa, yeye ananusa tu. Hakutia ulimini hata tone, miaka yote hiyo. Hilo anaapa nalo, na mimi namwamini.

Na kuna jambo ambalo lilimchukua muda mrefu kulikiri: aliipenda ile kazi. Mitaani alikuwa mtu wa koti jeusi tu kwenye foleni ya basi. Mle chumbani watu wazima walinyamaza wakingoja aseme. Aliona fahari, kisha anaona aibu kwa fahari yake, kisha Jumanne inafika tena.

Ikaja chupa yenyewe. Kulikuwa na shamba moja la zabibu Ufaransa, la ukoo mmoja, vizazi vitano: babu kamwachia baba, baba kamwachia binti, na huyo binti, mama wa makamo, ndiye anayeendesha trekta kwa mkono wake. Mvinyo wao mwekundu ulikuwa wa bei, ukiagizwa na mahoteli makubwa. Mwaka ule mzigo ulifika, Idarous akanusa glasi ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili nzuri. Ya tatu akatikisa kichwa tena. Ronald akapiga simu, na siku ya nne yule mama akaja mwenyewe, macho mekundu ya kukosa usingizi. Zikafunguliwa chupa ishirini. Idarous ananusa, anasema hii ndiyo, hii siyo, na yule mama anaonja nyuma yake. Hawakupishana hata moja. Ikaonekana fungu moja la vizibo ndilo lililooza, mvinyo wenyewe hauna kosa. Yule mama akamshika Idarous mikono miwili. Akamwambia kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kwamba lau zile chupa mbovu zingefika mezani kwa watu, jina la babu yake lingeharibika nazo.

Alipokuwa anaondoka alitoa mkobani chupa nyingine, ya mavuno ya mwisho ya marehemu baba yake. Lebo ilikuwa na picha ya lango na miti miwili. Akaomba kalamu, akaandika juu ya lebo mistari mitatu. Idarous hakujua Kifaransa, lakini jina lake aliliona: Idarous, kwa mwandiko mzuri, bila ya kosa. Tangu aingie nchi ile jina lake liliandikwa kwenye fomu tu, tena kila mara kwa makosa.

Mtu mwerevu angeiacha ile chupa kabatini kazini. Idarous aliirudisha nyumbani chini ya koti. Mimi nikifika hapa nataka kumzaba kofi. Aliifunga ndani ya kikoi chake cha zamani, akaisukuma nyuma ya makopo ya rangi kwenye kibanda cha bustani. Hakukusudia kuinywa wala kuiuza. Mara moja kwa mwaka alikifungua kikoi, akalitazama jina lake, akakifunga.

Ikakaa hivyo miaka mitano. Maisara akawa mtu mzima, mfamasia, anaishi kwake. Asmahan akaanza kuumwa. Moyo umechoka, daktari alisema, na dawa zikajaa kwenye kikapu alichokuwa akitilia vitunguu.

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya Idi Kubwa, walikuwa wawili tu mezani. Wali, samaki wa kukaanga, na kibakuli cha achari ya maembe mabichi aliyoyanunua Stratford Road. Asmahan akakifunua kibakuli, akakisogeza mbele ya mumewe. Yeye mwenyewe hakula. Akatia shavu kiganjani, anamtazama.

Harufu ilifika kabla ya kijiko. Maembe, pilipili, haradali, kitunguu thomu. Na chini yake siki, kali, safi. Na chini ya siki kulikuwa na kitu kingine, kavu, cha mbali, mchanganyiko wa ganda la jozi na karafuu kongwe. Mkono wa Idarous ulisimama hewani. Harufu ile aliijua. Alishainusa kwenye glasi ishirini mbele ya yule mama wa Kifaransa, na hakuna mvinyo mwingine duniani uliokuwa nayo.

"Vipi?" Asmahan akauliza.

"Nzuri."

"Siki yake je? Wewe ndiye mtu wa siki."

Lingekuwa neno moja tu! Mlango umefunguliwa wazi, na aliyeufungua anamtazama kwa macho ya huruma, hana hata chembe ya hasira. Idarous akavunja kipande cha samaki. "Nzuri sana," akasema. "Umeinunua wapi?"

"Sijanunua," akasema Asmahan. "Nimeipata hapa hapa nyumbani." Kisha akachukua kijiko, akampakulia. Na Idarous akala, akasifu mara tatu, masikini ya Mungu.

Alasiri Asmahan alipolala kidogo, Idarous akaenda mbio kibandani. Nyuma ya makopo ya rangi hapakuwa na kitu. Kikoi kilikuwa juu ya makopo, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Chupa haipo. Akakaa juu ya ndoo na kikoi mapajani, kinanukia udi. Ng'ambo ya uzio jirani yao Annonciata, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anaanika nguo. Yeye na Asmahan walikuwa wakipelekeana sahani kila wiki. "Papa Maisara," aliita, "unatafuta kitu?"

"Hapana," akasema Idarous.

Akaazimia kumwambia usiku ule ule. Usiku wakaja wageni. Akasema kesho. Kesho Asmahan aliamka amechoka, Idarous akajisemea asimtie mawazo. Wiki ijayo, basi. Wahenga wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye tumbo lilimuuma kweli, lakini akangoja. Wamesema pia njia ya mwongo ni fupi. Ya Idarous ilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila alipotaka kushuka njiani, aliona aibu ya urefu wa safari.

Nafasi ya mwisho ilikuwa ndani ya gari, nje ya hospitali, wanangoja zamu ya kuonana na daktari. Mvua inapiga kioo. Asmahan akasema taratibu, "Baba Maisara, huna la kuniambia?"

"La nini tena?"

"Basi." Akaurekebisha mtandio wake. Halafu akamwomba ampandishie kioo cha dirisha, anaona baridi.

Alikufa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Alianguka jikoni. Annonciata alimsikia kupitia ukutani, akaita gari la wagonjwa, akampigia Maisara. Maisara akampigia baba yake. Simu ya Idarous ilikuwa mfukoni mwa koti, koti limefungiwa kabatini, maana Idarous hakuingia chumba cha glasi na nguo za nyumbani, asije akarudi nazo harufu. Maisara akapiga tena na tena. Namba ya ofisini hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kupewa. Jina la kampuni hakulijua. Alilojua ni ghala la siki, Ladywood. Akaacha kazi yake, akachukua teksi, akashuka karibu na mfereji, akawa anauliza geti kwa geti: ghala la siki liko wapi? Watu wanamshangaa. Hakuna ghala la siki Ladywood, dada, halijapata kuwapo.

Idarous aliifungua simu saa sita na robo. Mara kumi na nne alikuwa amepigiwa. Alipofika hospitali, Asmahan alikuwa ameshafunikwa. Alikuwa amemwuliza muuguzi mara mbili kama mumewe amefika.

Saa nne na nusu, Idarous alijua vizuri alikuwa wapi. Alikuwa ameinama, pua ndani ya glasi.

Wakazika. Ukaja msiba, watu wakajaa, wakapungua. Maisara akahamia kwa baba yake kwa muda, akampikia, akamfulia. Swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza kwa Kiingereza kama alivyozoea tangu shule, nao wazee humjibu kwa Kiswahili: siku ile ulikuwa wapi?

"Kazini," Idarous alisema.

"Kazini wapi, Baba?"

Idarous akainuka, akaenda kutia udhu. Maisara akaacha kuuliza, na kuacha kwake kuliuma kuliko kuuliza. Idarous akaiacha kazi bila ya kuaga. Ronald alipiga simu wiki nzima, hakupokelewa.

Siku ya arobaini ikasomwa hitima. Walipoondoka watu, Maisara akawa jikoni anaosha sufuria za pilau, na Annonciata akaja kwa mlango wa nyuma, amebeba kitu chini ya khanga. Akakiweka mezani mbele ya Idarous.

Ilikuwa chupa ile. Lango, miti miwili, na jina lake kwa kalamu. Ndani yake palikuwa na siki, imefika nusu, imerudishiwa kizibo.

"Iko ya kwako," akasema Annonciata. "Aliniwekea. Alisema kama amekufa mbele ya wewe kusema, nikupatie nyuma ya siku makumi ine."

"Alijua lini?" akauliza Idarous.

"Ni zaidi ya mwaka, papa. Alikuya na hii chupa chini ya mutandio, alikuwa natafuta rangi ya kupaka mulango. Aliniuliza, Annonciata, wewe unajua Kifaransa, hapa wameandika nini? Nikamusomea: Kwa Bwana Idarous, pua yake iliokoa nyumba yetu. Kwa heshima ya familia yetu yote." Annonciata akavuta kiti, akakaa. "Nikasema, sasa vita itaanza kwa hii nyumba. Halafu akacheka, papa! Akacheka akashika mbavu. Akasema, kumbe wanamheshimu."

Idarous akafunika uso.

"Nikamuuliza, utaimwanga? Akasema hapana. Akasema, mume wangu aliniambia kazi yake ni siki. Basi tutangoja iwe siki, nisimufanye mwongo. Akaifungua, akaifunika kitambaa, akaiweka kwangu kwa dirisha, mwezi na mwezi. Hakutia kitu ndani. Alikuwa nakuya kuinusa, anasema bado, bado. Siku ilikuwa siki, akanikumbatia."

"Mbona hakuniuliza?"

"Alikuuliza," Annonciata akasema, kwa ukali kidogo. "Si alikupikia? Alisema ukimushika mutu mwenye haya, ataanguka. Alitaka uyaseme wewe. Hakuwa na kasirani, papa. Alikuwa anataka tu umuhadisie. Aliniambia, siku atasema, nitamukalisha anihadisie vile aliokoa ile nyumba, mwanzo mpaka mwisho."

Akasimama, akamgusa bega, akaenda zake.

Idarous alilia kama ambavyo hakulia hata siku ya maziko. Miaka yote alikuwa akikificha kitu ambacho mkewe alitaka kukisikia. Dhambi, mkewe alikuwa tayari kumsamehe mbele ya Mungu wake. Alichokuwa akikingoja ni kisa, na kisa kilikuwa kizuri, na sasa hakuna wa kuhadithiwa.

Alipoinua kichwa, Maisara amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono inachuruzika maji. Amesikia yote au nusu, haijulikani. Akauliza tena, polepole: "Baba, siku ile ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema ghala la siki. Chupa ilikuwa mezani, ni siki kweli, Asmahan alishamlipia neno lile.

"Ghala la mvinyo," Idarous akasema. "Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nanusa mvinyo, mwanangu. Ndipo nilipokuwa mama yako alipokuwa akiniuliza."

Maisara akakaa kwenye kiti alichokiacha Annonciata, akaivuta chupa, akalisoma jina la baba yake. Akaonyesha ile mistari kwa kidole chenye maji: na hii?

Basi Idarous akamhadithia. Alianza na baba yake na magunia ya Wete, akaja kwenye fagio na mafua ya Ronald, mpaka yule mama wa Kifaransa na chupa ishirini. Alipofika kwenye glasi ya kwanza, Maisara akamwuliza ilinuka nini.

"Boksi lililolowa."

"Mama angecheka," akasema Maisara. Alisema kwa Kiswahili. "Angecheka sana, Baba."

"Angecheka," Idarous akasema, akakibana kizibo kwa kidole gumba mpaka kikakaa sawa.